Kifutu Hakuwa na Kosa

Kila kijana anayenipa mkono hushtuka, kisha hujifanya hakushtuka. Anakuta kidole gumba, anakuta kidole cha mwisho, na katikati hakuna kitu, ni kovu tu, laini kama sato aliyeparuliwa magamba. Wenye adabu wanasema "Shikamoo, baba" huku wakiangalia pembeni. Wasio na adabu wanauliza. Mashine ya pamba? Mamba? Mjukuu wa jirani yangu hapa Ilemela aliniuliza kama niliwahi kuiba.

Basi naandika jibu mara moja, kwa mkono wa kushoto niliojifunza kuutumia ukubwani, ili msiniulize tena. Vidole vyangu vilikwenda na sumu ya kifutu, yule nyoka mfupi mnene mwenye mabaka, anayelala njiani kama gogo. Lakini kifutu hakuwa na kosa. Mwenye kosa anaitwa Sospeter Lufunga. Nitamtaja kila inapobidi, kwa sababu miaka ile ya Ujamaa tulizoea kusema "wakubwa", tukasema "uongozi", tukasema "huko juu". Huko juu ni mawingu. Watu wana majina.

Kazi yangu ilikuwa kukamua nyoka. Cheka kwanza, nitangoja.

Kituo chetu kilikuwa nyuma ya Butimba, kwenye miamba: nyumba ya bati yenye maabara na chumba cha nyoka, na banda la panya wa kuwalisha. Tulikamua sumu, ikakaushwa ikawa vipande vya njano kama gundi ya mgunga, ikasafirishwa ng'ambo kwa ndege. Huko walikuwapo farasi. Walichomwa sumu ile kidogo kidogo mpaka damu yao ikajifunza kupigana nayo, kisha maji ya damu hiyo yakasafishwa, yakaturudia ndani ya vichupa, yakawa dawa ya kumchoma mtu aliyeumwa. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Mimi ni wa darasa la nne. Kwetu farasi tulimwona kwenye picha tu.

Niliingia kazi hiyo kwa sababu ya Sospeter huyohuyo. Wakati wa kuhamia vijijini yeye ndiye aliyesimamia operesheni upande wetu wa Magu, na mahali pa kijiji kipya alipachagua akiwa ndani ya gari, kioo kimefungwa. Akatuweka kwenye kichaka chini ya mawe. Kila asubuhi ulikuwa ukisikia yowe: fulani ameumwa akichota maji, fulani ameumwa akifyeka. Kifutu hakimbii watu wakija. Wengine wote wanasikia mtikisiko wa miguu wanaondoka. Yeye anabaki palepale, anategemea kwamba hukumwona, na kweli hukumwona.

Ndipo akaja Mzee Nkwabi wa kituoni na fimbo yake ya ndoano kuwakusanya. Mimi nikamfuata nyuma, nikamshikia gunia, na jioni akaniuliza, "Wewe, huogopi?" Nikasema naogopa sana. Akasema, "Basi utafaa. Asiyeogopa sitaki kumzika."

Mzee Nkwabi alikuwa muyeye, yaani mtu wa kile chama cha Wasukuma wanaocheza na nyoka kwenye ngoma. Alikuwa bahili wa ugoro, mwenye majivuno, na huyohuyo aliyekuwa akimvaa koboko shingoni kama skafu hakuthubutu kupanda pikipiki hata siku moja. "Ile haina macho," alisema. Kabla sijashika nyoka alinichanja mikononi na kunipaka lukago, dawa yao ya kinga, nyeusi, inayonuka moshi. Sitawaambia kwamba ilifanya kazi wala kwamba haikufanya. Nitawaambia alichoniambia akinipaka: "Hii si ya kumzuia nyoka. Hii ni ya kukufanya utulie." Na mtu aliyetulia, watoto wangu, haumwi hovyo.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya wayeye wote. Ukiumwa, mrudishe nyoka kikapuni kwanza, ufunge, ndipo useme umeumwa. Ukimtupa ili ushike kidonda chako, ataumwa mtu wa pili, na huyo wa pili atakuwa ni yule aliyekuja kukusaidia.

Mengine alinifundisha kwa kunizaba kibao cha kisogo. Kifutu usimshike kwa kumtia kidole chini ya kidevu, meno yake ni marefu, yanaweza kutoboa taya lake mwenyewe la chini yakakufikia. Gumba upande huu, kidole kirefu upande ule, cha shahada juu ya kichwa. Swila, yule anayetema, usimsogelee bila miwani mikubwa, na akikutemea machoni osha kwa maji mengi, usifikiche hata ukilia. Koboko usimkamue ukiwa na njaa, mkono utatetemeka. Na usikamue mbele ya watu. Hili la mwisho likumbukeni.

Aliyenifungua macho juu ya sumu yenyewe alikuwa Bi. Koku, Mhaya, Mlutheri wa kuimba kwaya, fundi mkuu wa maabara. Alisoma ng'ambo akarudi na koti la mvua na hadubini. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redioni. Siku moja aliniita, "Ndugu Mabula, njoo uone kazi yako inafanya nini."

Akajichoma kidole kwa sindano, akapaka tone la damu yake kwenye kioo, akaniambia niinamie. Nikaona visahani vyekundu, vingi, vimetulia kama vyombo vilivyooshwa vikaanikwa. "Hizo ni chembe za damu yangu," akasema. "Sasa usiondoe jicho." Akagusisha pembeni tone dogo la sumu ya swila niliyoikamua mwenyewe asubuhi.

Nilingoja mlipuko. Haukutokea. Kisahani cha kwanza kilinona, kikawa duara kama mpira, kikasimama hivyo kama kinafikiri. Kisha wekundu ukatoka, ukaenda zake majini. Kikabaki kivuli cha kisahani, mduara mtupu. Halafu jirani yake. Halafu jirani wa jirani. Wakaenda kimyakimya, mstari kwa mstari, mpaka pote pakawa na vivuli tu. Nilisema neno la Kisukuma ambalo mama yangu asingependa kulisikia.

"Wamepasuliwa?" nikauliza.

"Wametobolewa. Ngozi ya chembe ni utando mwembamba wa mafuta. Sumu hii inajipachika kwenye utando, inafungua tundu, maji ya nje yanaingia mpaka chembe inashindwa kujishikilia."

"Na ya koboko?"

"Koboko hatoboi. Koboko anaingia pale mshipa wa fahamu unapoongea na nyama ya mwili, anavuruga mazungumzo. Ubongo unasema 'pumua', kifua hakisikii. Ukimpasua aliyekufa hivyo hukuti kitu kilichoharibika. Nyumba nzima, taa zimezimwa."

Usiku ule nilikula kwa shida, si kwa woga. Nilikuwa nimekamua mamia ya matone bila kujua nimeshika nini. Tone lile dogo, lisilo na macho wala mikono, lilijua mahali pa kuingilia kuliko mwizi yeyote wa mjini. Nani alilifundisha? Nilimuuliza Bi. Koku, akasema hata yeye anajiuliza, na kwamba kwa ajili ya swali hilo hakuolewa mapema.

Sasa nimlete kifutu wangu. Tulikuwa na mmoja mkubwa tuliyemwita Mwenyekiti, kwa kuwa alikaa mahali pamoja, hakuguswa, na alipumua kwa kishindo kama baiskeli inayotiwa upepo. Sospeter, ambaye baada ya operesheni alizawadiwa umeneja wa kituo chetu, alipita dirishani akamsikia Mzee Nkwabi akinung'unika, "Mwenyekiti leo kanuna, kakataa panya."

Sospeter akasimama mlangoni. "Mwenyekiti gani huyo?"

"Wa humu ndani, Ndugu Meneja," akasema Mzee Nkwabi bila kupepesa.

"Na nani anampelekea panya?"

"Mabula."

Sospeter akanigeukia, jasho linamtoka. "Mabula! Unampa Mwenyekiti panya?"

"Ndiyo, Ndugu Meneja. Akishamaliza analala wiki nzima."

Bi. Koku ilibidi atoke nje kukohoa. Tulipomwonyesha kifutu mwenyewe, Sospeter akaamuru jina libadilishwe siku hiyohiyo. Tukalibadilisha kila alipokuwa karibu.

Nawaambieni hayo mpate kujua kwamba hakuwa shetani. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaonekane vizuri. Hao ndio wa kuogopwa.

Dawa ya farasi tuliitunza kwenye friji la mafuta ya taa. Lilikuwa moja tu. Juu lilikuwa na kijumba cha barafu, chini nafasi ya baridi ya kawaida, na vichupa vilikaa chini. Bi. Koku alikuwa amebandika karatasi mlangoni: DAWA ISIGANDE. Si ISIHARIBIKE wala ISIGUSWE. ISIGANDE, kwa herufi kubwa. Alituelezea sote, na Sospeter akiwapo, kwamba dawa ile ni kitu cha mwili, mfano wa ute wa yai. Joto kidogo inavumilia. Ikiganda barafu, inakatikakatika, haishikani tena na sumu.

Wakaja wageni wa mkoani. Sospeter alitaka wanywe bia ya baridi. Mkesha wa ugeni, sisi tukiwa tumekwenda majumbani, alitoa vichupa vyote chini akavipanga kwenye kijumba cha barafu, akajaza bia nafasi ya dawa, na akazungusha kitasa cha baridi mpaka mwisho. Hakuna aliyemlazimisha wala aliyemsaidia. Alisema hivyo mwenyewe baadaye, kwa kujisifu kwamba hakuvunja hata kichupa kimoja.

Siku ya ugeni walikula sato, wakanywa, wakaridhika, na Sospeter akasema, "Mabula, mlete Mwenyekiti, waone tunavyojenga taifa." Alisahau kwamba alishalifuta jina hilo. Mzee Nkwabi akasema kifutu huyo anakaribia kujivua gamba, haoni vizuri, ana hasira. Sospeter akacheka kwa wageni. "Wazee wetu hawa, na miiko yao." Nikamtazama Mzee. Akainua mabega. Ndugu Meneja alikuwa Ndugu Meneja.

Nikamtoa. Nikamshika sawasawa, gumba huku, kidole kirefu kule, cha shahada juu. Nikamng'atisha mpira uliotandazwa juu ya glasi, na tone la kwanza la njano likatiririka. Wageni wakasema "Aaa!" Mmoja akainua kamera. Na Sospeter, ili picha itoke vizuri, akanishika bega kwa nyuma akanigeuza kuelekea jua.

Alinivuta hivyo tu. Kama unavyomgeuza mtoto kwa mpiga picha.

Kidole kiliteleza. Sikuhisi jino likiingia, nilihisi moto, kana kwamba nimeugusisha mgongo wa kiganja kwenye mdomo wa jiko. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikamshika upya, nikamrudisha kikapuni, nikafunga kamba, nikasema, "Mzee, nimeumwa." Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Bi. Koku alikimbilia friji. Kisha nikasikia chupa za bia zikitolewa, moja baada ya nyingine, zikiwekwa chini kwa nguvu. Alirudi na kichupa mkononi, kina ukungu wa baridi, ndani yake kipande cheupe cha barafu. Akakishika kwenye kwapa lake mpaka kikayeyuka. Akakiinua juani. Yalikuwa maji ya uji, na ndani yake vinyuzi vikielea kama maziwa yaliyokatika. Akayeyusha cha pili, cha tatu. Vyote vile vile.

"Mchome hivyohivyo," akasema Sospeter. "Si barafu tu imeyeyuka?"

"Nikimchoma hii namuua kwa dawa badala ya sumu," akasema Bi. Koku. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Gari liko wapi?"

Gari, Landrova yetu, dereva Zakaria alikuwa ameondoka nalo. Sospeter alimtuma mjini kuongeza bia.

Hapo Mzee Nkwabi alikuwa ameshanifunga kitambaa juu ya kiwiko, akikaza kwa kijiti. Bi. Koku akamwambia, "Mzee, nakuomba ufungue."

"Binti yangu, hii ndiyo inayoizuia isipande moyoni."

"Angekuwa koboko tungebishana. Huyu ni kifutu, anakula nyama palepale alipo. Ukifunga, unamfungia kazi yote ndani ya mkono mmoja."

Mzee Nkwabi akanitazama. Nilikuwa kama mwanawe. "Nikifungua akafa?"

"Tutalaumiwa wawili, mimi na wewe."

Akafungua. Bado nashukuru, maana daktari aliyenipokea alisema kitambaa kile kingebaki, ungekwenda mkono mzima mpaka begani. Bi. Koku akauegemeza mkono wangu kwenye ubao, akaufunga polepole kama uliovunjika, usicheze.

Barabarani tulisimamisha lori la ushirika lililokuwa limeshusha pamba mjini, likirudi Magu na magunia matupu. Hospitali za mjini hazikuwa na dawa hiyo, lakini upande wa Magu ilikuwapo hospitali ya misheni ambayo Bi. Koku aliipa vichupa vya dawa mwezi uliopita. Tukapanda nyuma, mimi nimelala juu ya magunia, yeye ameushika mkono wangu uliofungwa ubao. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko, ngozi inang'aa, rangi inageuka kuwa ya biringanya. Nilikuwa najua ninachokipigania: nifike nikiwa hai, na nifike na mkono. Sikujua kama vyote viwili vinawezekana.

"Bi. Koku," nikasema, "sasa hivi humo ndani kunafanyika nini?"

"Tulia, Mabula."

"Nimetulia. Niambie. Siku zote unaniambia."

Akafikiri, kisha akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi jinsi nilivyosikia, lori likituruka-rusha na ghuba ikimeta upande wa kushoto.

"Sumu ya kifutu si kitu kimoja," akasema. "Ni kundi, kila mmoja na kazi yake. Chembe zako ni kama nyumba, na kati ya nyumba na nyumba kuna kamba zinazozishikanisha. Wapo wanaokata kamba. Wapo wanaolamba mafuta ya kuta mpaka nyumba zinavuja. Wapo wanaotafuna kuta za mishipa midogo, ndiyo maana unageuka rangi. Wapo wanaoikataza damu kuganda. Na nyumba ikibomoka, vitu vyake vikimwagika, majirani wanakuja mbio kusaidia, nao wanazidisha uvimbe."

Nikaikumbuka siku tuliyohamishwa. Kijana mmoja wa mgambo alipanda paani kuvuta nyasi. Mwingine aling'oa mlango. Mwingine alifungua zizi. Ukimuuliza yeyote kati yao atakuambia hakubomoa nyumba ya baba yangu, alivuta nyasi tu. Na jioni nyumba haikuwapo.

"Kumbe ni operesheni," nikasema.

Bi. Koku akatazama upande wa dereva, kisha akacheka, machozi yanamtoka. "Umesema wewe. Sikusema mimi."

Baadaye nikaona giza, ingawa jua lilikuwa linawaka. Akanishika kifundo cha mkono usioumwa. "Presha yako inashuka," akasema. "Usifumbe macho. Nisikilize. Hiyo nayo ni kazi yao mmoja. Brazili kuna binamu wa kifutu. Mtu akiumwa naye presha inaanguka ghafla. Wapo wataalamu wamejiuliza: huyu anayeishusha ni nani? Tukimtenga na wenzake, hatuwezi kumtumia kwa mtu ambaye presha yake imepanda hadi kumuua?"

"Wampe mgonjwa sumu?"

"Hapana. Nyoka ni kama mwizi mwenye funguo nyingi. Wao wanataka kuutazama ufunguo mmoja tu, ule wa mlango wa presha, wachonge wa kwao unaofanana."

Mnaweza msiniamini. Nilikuwa nimelala kwenye magunia, mkono wangu unaliwa kutoka ndani, na nilijisikia kama mtu aliyeingizwa kanisa kubwa. Kitu kilekile kilichokuwa kinaniua kilikuwa na ndani yake ufunguo wa kumponya mtu nisiyemjua. Nilitaka kuishi ili nijue kama walifaulu. Nawaambia kweli, pamoja na mama yangu, hicho ndicho kilichonishikilia.

Tulifika. Dawa ya misheni ilikuwa safi kama maji ya chemchemi, na ikafanya kazi yake: damu ikarudi kuganda, presha ikapanda, nikaishi. Lakini dawa ile inamkamata mwizi, hairudishi alichokwishaiba. Nyama iliyokufa ikakatwa mara kadhaa, na mwisho vidole vitatu vikaenda. Kama ningechomwa palepale Butimba, pengine ningebaki na kovu tu. Pengine. Bi. Koku hakuwa mtu wa kuapa, na neno hilo hakuliondoa kamwe.

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Kikao kilikaa. Sospeter alisema mfanyakazi alikuwa mzembe mbele ya wageni. Bi. Koku alisimama akasema habari ya barafu na bia, kila neno, na kabla ya masika akahamishiwa mbali, mahali pasipokuwa na maabara. Mzee Nkwabi akakataa kukamua tena, akarudi kwenye ngoma zake. Zakaria dereva aliniletea ndizi hospitalini akalia, huyo nimemsamehe. Sospeter akapandishwa cheo. Mimi nikastaafishwa ningali kijana, na mtu wa mkono mmoja hapalilii pamba vizuri. Nimeishi kwa kuuza dagaa na kwa mke mvumilivu.

Kwa hiyo chukueni haya kwangu, hata kama hasira zangu hamzitaki. Mtu akiumwa na nyoka, msikate kidonda, msinyonye, msifunge kamba. Mvueni pete na bangili kabla uvimbe haujaja. Kiungo kilichoumwa msikichezeshe, kifungeni ubao, mbebeni, mpelekeni hospitali hata kama anajiona mzima. Msipoteze muda kumwinda nyoka. Na yeyote mwenye ufunguo wa friji la dawa, mjueni kwa jina.

Miaka mingi baadaye Bi. Koku alikuja Mwanza kwenye harusi ya mpwa wake, akanitafuta mpaka akanipata. Kichwa chake kilikuwa cheupe. Kabla hajakaa alisema, "Mabula, walifaulu." Nikajua anasema nini. Ufunguo wa presha ulichongwa, ukawa kidonge, kinamezwa dunia nzima, hata hapa. Hakina nyoka ndani, ni mfano tu wa ufunguo wa nyoka. Akaniambia pia kwamba kwenye sumu za kina kifutu wengine wamejifunza kutengeneza dawa ya kuzuia damu isigande vibaya kwenye moyo. Kwamba kwenye koboko wamekuta kitu kinachotuliza maumivu, bado wanakijaribu. Na kwamba ile sumu ya swila inayotoboa chembe wanaitazama waone kama inaweza kufundishwa kutoboa chembe za saratani peke yake. Hilo bado sana, akasema. Sumu ile, ukiikuza ulione umbo lake, ina vidole vitatu. Akautazama mkono wangu, kisha tukacheka wote wawili mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini.

Mke wangu naye ana presha. Mwaka huu nilimsindikiza kliniki, tukakaa kwenye benchi, na pembeni yangu alikuwapo mzee mwenye fimbo, mdomo umepinda upande mmoja kidogo kwa kiharusi. Alinitazama usoni, hakunijua. Akautazama mkono.

"Mabula," akasema. "Bado upo?"

"Nipo, Sospeter."

Alingoja shikamoo. Mimi pia niliingoja, nione kama itatoka. Haikutoka.

Tukakaa. Baadaye akatoa karatasi ya vidonge mfukoni, akajaribu kukitoa kimoja, karatasi ikamponyoka. Nikaiokota. "Nisaidie, ndugu yangu," akasema. "Hizi ndizo zinazonifanya nipumue. Bila hizi ningekuwa nimezikwa. Wataalamu wana akili, sijui walizitoa wapi."

Nikasoma jina. Lilikuwa lilelile aliloniandikia Bi. Koku nyuma ya kadi ya harusi. Nikakibana kidonge kwa gumba na kidole cha mwisho, nikakisukuma kwa mkono wa kushoto, kikatoka.

"Walijifunza kwa nyoka," nikamwambia. "Binamu yake Mwenyekiti."

Alidhani natania, kisha akaona sitanii. Nikamweleza yote, mwizi na funguo, kama nilivyoelezwa kwenye lori. Hakunikatiza. Alikishika kidonge kwenye kiganja, akakitazama, akautazama mkono wangu, akakitazama tena. Nilidhani atakitupa. Akakimeza, bila maji, akafumba macho.

Nesi akaliita jina la mke wangu. Nikasimama, nikamrudishia karatasi yake mfukoni.

"Nyumbani unaziweka wapi?" nikamuuliza.

"Binti yangu ndiye anayezitunza. Ana mahali pake."

"Mwambie asizihamishe," nikasema. "Hata wakija wageni."